Ngao Isiyovuja

Kila alfajiri nilipotoka na ufagio, sehemu moja ya uwanja wetu ilikuwa marufuku kwangu. Ilikuwa pale chini ya lori. Nilifagia mbele ya mlango, nikazunguka jikoni, nikafika penye magurudumu na kusimama, kwa sababu mume wangu alikuwa bado hajausoma mchanga wake. Alikuwa akirudi kutoka msikitini, anapiga magoti kama mtu anayetaka kuirudia sala, anaingiza kichwa uvunguni mwa gari na kuutazama mchanga ulivyolala. Tone jeusi upande wa mbele lilimpa habari za injini. Tone zito upande wa nyuma lilimpa habari za difu, zile gia za ekseli ya nyuma, na maji yalimpa habari za rejeta. Akisharidhika ananiambia, "Haya, fagia." Wanawake wenzangu wa Kibiti walinicheka, wakasema mimi ndiye mke pekee mjini anayengoja ruhusa ya kufagia. Sikuona cha kuchekesha. Mchanga ule ndio uliokuwa ukitulisha.

Lilikuwa lori kuukuu la jeshi, moja ya yale ambayo Waingereza waliyauza vita vya Hitla vilipokwisha. Mume wangu alilinunua pamoja na kaka yake, na kaka yake alipohamia Lindi likabaki mikononi mwake peke yake. Alibeba mpunga kutoka bondeni, boriti za mikoko kutoka kwenye bandari ndogo za huko ukingoni mwa Delta, na ufuta na korosho kutoka Mtunda. Barabara kuu ya Lindi haikuwa na ugomvi na mtu, ukiacha vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ugomvi ulikuwa kwenye njia zetu wenyewe, zile za kuingia mashambani.

Njia hizo zilifyekwa na wenye mashamba. Mkulima wa kwetu akifyeka pori hakati mti usawa wa ardhi. Anaukata usawa wa goti, mahali ambapo panga linapata nguvu bila mtu kujipinda mgongo, kisha anatia moto. Kinachobaki ni kisiki kilichokaangwa, kigumu na chenye ncha, na masika yakija majani yanakifunika. Mtembea kwa miguu anakijua na kukizunguka, na hata ukimwuliza usiku atakuonyesha kilipo. Dereva anakijua kwa kukisikia.

Mara ya kwanza kisiki kilipenya bakuli la oili, yaani kile chombo cha bati kinachoning'inia chini kabisa ya injini na kushika oili yote. Mume wangu aliliziba kwa sabuni ya mche na kipande cha kanga yangu, akafika nyumbani akitembea kwa mwendo wa maziko. Mara ya pili kisiki kilikwaruza giaboksi. Hapo akaacha kuilaumu njia na kuanza kutafuta ngao ya kulifunika lori tumbo lake.

Alianza na bati la pipa. Alilipasua, akalinyoosha kwa nyundo kwa kelele za kuwatoa majirani ndani, akalifunga kwa waya. Lilikaa vizuri mpaka kisiki cha kwanza kilipolikunja juu na kulibana kwenye propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, na lori likapiga kelele njia nzima kama kinu kibovu. Kisha akaleta ngozi ya kiboko aliyeuawa bondeni kwa kula mpunga wa watu. Ngozi ya kiboko ikikauka ni ngumu kuliko ubao, na mtu yeyote aliyeona bakora zinazotengenezwa kwayo anajua. Lakini ilipopata maji ililegea, ikashuka, ikaanza kunuka. Mbwa wote wa kuanzia Ikwiriri walilifuata lori mpaka uwanjani kwangu na kulala chini yake. Mume wangu aliifungua mwenyewe, bila kuambiwa, na sikumwuliza alikokwenda kuitupa.

Kilichobaki kilikuwa chuma. Fundi wa magari wa pale Kibiti, mtu mmoja mkavu asiyependa maneno, alikuwa na kipande kinene alichokitoa kwenye mtambo wa kiwanda cha mbao kilichokufa. Alisema atakikata, atakikunja pembe na kukitoboa. Ubaya wake ni uzito, maana springi za mbele za lori lile zilikuwa zimeshachoka tangu jeshini. Tena chuma kinene kikishapinda hakinyooki, na kikigandamiza bakuli la oili kinafanya kazi ileile ya kisiki. Mume wangu aliyapima mambo haya kwa muda mrefu, akiyarudia kwangu wakati wa kula kama vile mimi ndiye nitakayeendesha. Mwishowe alikubaliana na fundi kwa mdomo.

Wakati huo baba yangu alikuwa ameshakuja kukaa kwetu. Alikuwa fundi wa majahazi visiwani, na mafundi wa majahazi huko walikuwa watu wa heshima. Mtu alikuwa akitoka mbali kuja kumngoja. Lakini mgongo ulimkataa, macho yakaanza kumchezea, na mama alipofariki hakubaki mtu wa kumpikia. Kaka zangu walikuwa wamekwenda kukata mkonge. Nilikwenda mwenyewe kumchukua, na alikubali kwa neno moja tu: "Kidogo."

Alikuja na kapu lake la vyombo. Ndani mlikuwa na tezo, patasi, keekee ya kutobolea mbao, misumari ya zamani na ule msumari butu wa kushindilia pamba kwenye maungio. Nilimpa chumba cha uani chenye kitanda kizuri cha kamba. Kapu hakuliweka uvunguni wala pembeni. Aliliweka mlangoni, upande wa kutokea, kama mgeni anavyoacha viatu vyake. Kila wiki alisema atakwenda zake Ijumaa, na Ijumaa ikifika anasema itakayofuata. Chakula alikuwa akikigusa tu. Alikaa barazani akawatazama watu wa sokoni wakipita, na walipomsalimu aliitikia vizuri, lakini hakuna aliyekuwa na haja naye. Kibiti kuna nini cha kumfanyia kazi fundi wa majahazi? Kule visiwani angekufa peke yake kwa njaa na unyevu, na hapa kwangu alikuwa akififia mbele ya macho yangu. Nilitaka akae. Mwaka ule sikuwa na jambo jingine nililolitaka.

Asubuhi moja mume wangu akiwa uvunguni, baba akashuka barazani na kuchuchumaa pembeni ya lori. Mume wangu alipoona miguu ya mkwewe alitoka haraka, akajifuta mikono, akatoa shikamoo akiwa ameangalia chini. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mtu na mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali, hawataniani wala hawabishani, na lenye uzito linapitia kwa mwanamke aliye katikati. Baba hakumjibu mengi. Aliniita mimi.

"Mwanangu, chombo hiki hakina mkuku."

Mkuku ni ule mti mrefu wa chini kabisa ya jahazi, unaotangulia kugusa mwamba ili mbao zisiguse. Nilimwambia lori ndivyo lilivyo.

"Ndiyo maana linaumia," alisema. "Mwambie anipe kipimo."

Jioni mume wangu alinifuata jikoni. Alisema ameshakubaliana na yule fundi, chuma kimeshatolewa nje, mtu ameanza kukisugua kutu. Nikamwambia vizuri, mkwe wako yuko barazani, nenda kamwambie kazi yake huitaki. Alijua na mimi nilijua kuwa hawezi. Kwetu mtu akipewa kitu na mkwewe anakipokea kwa mikono miwili, hata kama ni jiwe. Kwa haki yake niseme pia kwamba aliyafikiria mambo ya mbao na kuyaona yana maana. Mbao ni nyepesi, ikipigwa inarudi, na ikivunjika unapata nyingine bila kwenda Dar es Salaam. Lakini hayo aliyafikiria baadaye. Siku ile alichagua kwa sababu hakuwa na njia ya kukataa, akaenda kwa fundi kuomba radhi, na fundi akakirudisha chuma chake ndani.

Mbao za mkomafi, mti wa jamii ya mikoko, zililetwa na lori lenyewe kutoka bandarini, baba akiwa ameketi mbele, kofia kichwani, kama liwali. Alikataa zile za kwanza. Alikataa na za pili. Alipozipata alizozitaka alifanya kazi uani chini ya kipaa cha makuti nilichokuwa nikianikia mpunga, na mpunga wangu ukahamia kwa jirani. Alichonga mti mmoja wa katikati, akauwekea mataruma mafupi, zile mbavu za chombo, akapigilia mbao zikapanda kwa mbele na nyuma. Mgeni angedhani ni mtumbwi mfupi na mpana umelala pale, akauliza utabeba nini. Mgongo wa baba bado ulimuuma, nilimsikia akiguna. Lakini alianza kula. Siku ya samaki wa kupaka aliomba aongezewe, nikaingia ndani nikakaa kitako kitandani kwa furaha.

Kisha akaziba. Alishindilia pamba kwenye kila ungio, akapaka deheni ya chokaa na mafuta, akapaka na mafuta ya papa ambayo harufu yake iliwakumbusha majirani ile ngozi ya kiboko. Mume wangu aliniuliza kwa sauti ndogo, pamba ya nini kwenye kitu kinachokwenda nchi kavu. Nilimwambia amwulize mwenyewe. Hakuuliza. Na hata angeuliza nadhani baba asingemwelewa, kwa sababu katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kuleta ubao wa chini kwa fundi akasema usiuzibe.

Visiwani jahazi likimalizika haliingii majini kabla ya kujaribiwa. Linatiwa maji kwa ndani, na fundi anazunguka kwa nje akitazama yanapotokea. Baba aliiweka ile ngao juu ya magogo mawili, akaniita niijaze. Watu walikuja kutazama, madereva wawili watatu miongoni mwao. Nilimimina ndoo baada ya ndoo. Yeye alipiga magoti kwa shida, akapitisha kiganja chini ya kila ungio, akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Alizunguka tena. Hata yule fundi wa magari, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, alitikisa kichwa kwa kukubali. Baba alisoma dua, nikapitisha chetezo cha ubani, watoto wa jirani wakala wali wa nazi, na ngao ikafungwa kwa bolti kwenye chasisi.

Ilifanya kazi, na yeyote atakayesema haikufanya nitambishia. Ilikuwa kiangazi, visiki viko wazi na vikavu, na njia ya bondeni ilikuwa imepanuliwa hivi karibuni, maana yake visiki vipya. Mume wangu alisema anavisikia vikigonga, gu, na lori linapita. Mti wa katikati ulipata makovu, na bakuli la oili halikuguswa. Madereva wa mpunga waliosimama sokoni Kibiti walikuja uwanjani, wakalala chini, wakatazama. Mmoja wao, mwenyeji wa Ikwiriri, alileta mbao zake kabisa na kumwomba baba amtengenezee kama ile.

Baba alianza kutembea. Alikuwa akienda sokoni baada ya alasiri kukaa na hao madereva, na nilimsikia mara moja akiwafundisha tofauti ya mkomafi na msinzi, sauti yake ikiwa ile ya zamani. Habari za kwenda zake Ijumaa alizisahau wiki kadhaa. Kapu lakini lilibaki palepale mlangoni. Nilikuwa nikiliona kila nilipompelekea uji.

Mchanga nao ulikuwa msafi. Alfajiri mume wangu alipiga magoti, akatazama, hakukuwa na tone la aina yoyote upande wa mbele. Alifurahi. Alisema anadhani ile mitikisiko ya visiki ndiyo iliyokuwa ikilivujisha lori, sasa limepona. Zamani alipoona tone alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akaongeza inayopungua. Asipoona tone hakuwa na sababu ya kukichomoa. Baada ya muda akaacha hata kupiga magoti. Akitoka msikitini alikuwa akinywa chai yake moja kwa moja, na mimi nikafagia uwanja mzima mpaka uvunguni, kama wanawake wengine. Wenzangu wakasema sasa nimeolewa.

Lori lilikufa kwenye mwinuko mmoja njia ya Mtunda, likiwa na ufuta. Alinisimulia baadaye kwamba injini iliimba kwanza, sauti nyembamba, halafu ikagonga kama mtu anayepiga hodi kwa hasira, halafu ikakaza na kunyamaza. Lori la mtu mwingine liliuchukua mzigo na kumvuta kwa mnyororo mpaka nyumbani. Baba alitoka barazani kumpokea. Mume wangu alimwambia ni uzee tu wa beringi, akapita.

Fundi alikuja kesho yake. Baba alikuwa amekwenda sokoni kuchagua misumari ya kazi ya yule dereva wa Ikwiriri. Walifungua bolti za ngao na kuishusha kwa mikono, na walipoishusha ikawaponyoka kidogo kwa uzito wasioutarajia. Ndani mlikuwa na oili. Ilikuwa oili yote ya injini, nyeusi, imetulia ikionyesha anga. Bolti ya chini ya bakuli ilikuwa imelegea kwa kutikisika, na tone moja moja, siku baada ya siku, injini ilikuwa imejimimina kwenye ngao. Ngao ilikuwa imepokea yote na kuificha.

Fundi akasema, bila kuulizwa, "Chuma changu kingekuwa na matundu." Akaingia kwenye injini.

Mume wangu aliisogeza ngao nyuma ya jiko, ile oili ikiwa ndani, akaifunika magunia. Aliniambia ataichuja baadaye, oili ni oili. Halafu akasema nisimwambie mzee.

"Na huyu wa Ikwiriri?" nilimwuliza. "Anatengenezewa ya namna ileile."

"Nitamwita kando. Nitamwambia aichukue, ashukuru, asiifunge."

Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka naisikia kifuani. Yaani baba achonge, apinde mgongo wake ule, apake, aijaribu kwa maji mbele ya watu, kisha mtu akaitupe kichakani njiani kurudi kwake, na wote tumwambie ahsante? Mume wangu alisema hiyo ndiyo heshima. Nilimwambia kama hiyo ndiyo heshima basi ni afadhali matusi. Akatoka. Nilikuwa na hasira naye kwa kunyamaza, na nilikuwa na hasira na baba kwa pamba yake, na zaidi ya vyote niliogopa. Baba akijua kuwa kazi yake ndiyo iliyoliua lori la mkwewe hatakaa katika nyumba ile hata siku moja. Namjua. Angechukua kapu lake pale mlangoni bila hata kuinama sana.

Nilijipa mpaka Ijumaa baada ya sala nimwambie baba ukweli mwenyewe. Sikufika huko. Alhamisi asubuhi mume wangu alikuwa amekwenda kwa fundi, mimi nikiwa natwanga uani, nikamwona baba akizunguka jiko na uzi wake wa kupimia. Alikuwa akiitafuta ngao ya kwanza ili achukue vipimo vya ile ya pili. Niliacha mchi ndani ya kinu nikamfuata, lakini alikuwa ameshayaondoa magunia.

Alikuwa amesimama akitazama ndani. Mimi nilisimama nyuma yake. Kisha alichuchumaa, akaingiza mkono chini ya ngao, palepale pa siku ile, akaupitisha kwenye kila ungio, akautoa na kuutazama. Ulikuwa na vumbi tu.

"Haikuvuja," alisema.

"Haikuvuja, baba."

"Hata tone."

Uso wake ulikuwa umefunguka. Aligeuka kunitazama ili nifurahi pamoja naye. Sijui uso wangu ulikuwaje. Akageukia tena ile oili.

"Imefikaje humu?"

"Imetoka kwenye injini. Bolti ya chini ililegea."

"Ikawa inadondokea humu."

"Ndiyo."

"Na zamani ilikuwa ikidondokea wapi?"

Nilimwonyesha pale uwanjani, pale lori lilipokuwa. Nikamweleza habari za mchanga. Alikuwa ameniona miezi mingi nikisimama na ufagio kumngoja mume wangu, na hakuwahi kuuliza nangoja nini. Alidhani ni adabu za mke tu, na alikuwa amejivunia kwamba mama alinilea vizuri. Nilimweleza kila kitu: tone la mbele, tone la nyuma, kijiti cha kupimia, na jinsi mchanga ulivyokuwa msafi. Sikuficha wala sikupamba. Nilipomaliza alikuwa bado amechuchumaa.

"Beringi za zamani," alisema. "Ndivyo alivyoniambia."

"Amekustahi, baba."

"Nnajua."

Kinu changu kilikuwa kimesimama na mchi ndani, kuku wakakikaribia, sikuwafukuza. Halafu akajishika magoti, akanyanyuka, akasema, "Niletee kapu langu."

Nilikwenda chumbani kwake. Sikulia, lakini sikuona vizuri nilipokuwa nikikanyaga. Kapu lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Nilifikiri habari ya kumwomba, nikafikiri nitamwambia uongo gani, kwamba naumwa, kwamba nina mimba, lolote la kumchelewesha mpaka Ijumaa nyingine. Nilipofika nilimwekea miguuni.

Alipekua kwa mkono, akatoa keekee.

Tuliimimina oili ndani ya madebe, mimi na yeye, polepole. Tukaipindua ngao juu ya magogo mawili. Aliifuta chini kwa gunia, akatafuta mahali pembeni mwa mti wa katikati, akaweka ncha ya keekee na kuanza kuzungusha. Ubao wa mkomafi ni mgumu na mwekundu, na unga wake ulianguka mikononi mwake. Alitoboa tundu moja upande wa mbele, chini ya mahali pa bakuli la oili. Alitulia kidogo, pumzi zikimpanda. Akatoboa jingine, na jingine upande wa nyuma, mahali pa giaboksi. Kila alipomaliza tundu aliingiza kidole, akakizungusha, akatoa ile pamba iliyochungulia. Sikumwambia apumzike.

Mume wangu alirudi akatukuta hivyo. Alisimama kwenye kona ya jiko. Nilimwona akitazama keekee, akitazama madebe ya oili, akitaka kurudi nyuma. Baba hakuinua kichwa. Alisema, na safari hii hakunipitia mimi, "Difu iko wapi? Tundu lake niliweke hapa au hapa?"

Mume wangu alisogea. Alipiga magoti mbele ya mkwewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaweka kidole chake juu ya ubao.

"Difu haifunikwi na ngao, baba, iko nyuma zaidi. Lakini hapa toboa. Masika yanakuja, maji ya mitoni yatataka pa kutokea."

Baba akatoboa hapo.

Walipomaliza waliipindua tena, tumbo chini, juu ya magogo yaleyale. Baba akaniambia nilete maji. Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia: kazi haitoki mpaka ijaribiwe. Nilileta ndoo, nikaleta nyingine, nikamimina. Maji yakazunguka kidogo ndani, yakayaona matundu, yakaanza kuanguka mchangani kwa mistari myembamba. Baba alikuwa amepiga magoti pembeni, kiganja chini ya ubao, na maji yakampitia vidoleni. Hakukiondoa kiganja. Alikaa hivyo mpaka mistari ikawa matone, na matone yakawa machache.

"Yamekwisha?" aliuliza, maana macho yake ya karibu hayakuwa mazuri.

Niliinama nikatazama ndani. Ngao ilikuwa tupu, imelowa tu.

"Yamekwisha yote, baba."

"Basi," alisema. "Ya huyu wa Ikwiriri haitatiwa pamba."

Akanawa mikono kwa majivu na maji, akarudisha keekee ndani ya kapu, akalibeba mwenyewe mpaka chumbani. Nilimfuata kumwuliza atakula nini. Nilimkuta ameinama kwa shida, mkono mmoja juu ya kitanda, akilisukuma kapu kwa mguu mpaka uvunguni, kule mwisho, penye ukuta.